Anza na Lenzi: Kuchagua Kamera ya Sura ya Kizamani kwa Mitaa ya Mombasa

Wengi wanaonunua kamera ya sura ya kizamani huanza na kamera yenyewe. Mtu anaiona Nikon Zf, iliyotangazwa Septemba 2023 ikiwa na umbo la Nikon FM2 ya mwaka 1982, anavutiwa na magurudumu yake ya shaba, analipa. Lenzi inafikiriwa mwisho, na mara nyingi inakuwa zoom nzito iliyokuwa kwenye ofa siku hiyo. Baada ya muda kamera haitoki tena nyumbani, kwa sababu kuizungusha shingoni kutoka Fort Jesus hadi Marikiti kwenye jua la saa sita ni adhabu. Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio. Chagua kwanza lenzi ndogo utakayoiacha kwenye kamera mwaka mzima, halafu tafuta kamera itakayoifaa.

Mji wa Kale wenyewe unakusaidia kuamua, kwa sababu mitaa yake ni myembamba na ukuta wa nyuma yako haukupi nafasi ya kurudi. Sensa ya fremu kamili, yaani kibamba kinachopokea mwanga chenye ukubwa wa picha ya filamu ya zamani, ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukiisimamisha kamera wima, kimo kinachoingia kwenye picha ni umbali ulioko kati yako na kitu, mara 36, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Tuchukue mlango wa kuchonga ambao pamoja na fremu yake una kimo cha mita 3. Kwa lenzi ya milimita 40 utahitaji kusimama mita 3.3 kutoka mlangoni. Kwa milimita 28, mita 2.3. Kwa milimita 26, mita 2.2. Hapo ni mlango kugusa kingo za picha juu na chini, kamera ikiwa usawa wa katikati ya mlango, yaani mita moja na nusu hivi kutoka chini. Ongeza nusu mita ya kupumulia. Ukisogea karibu zaidi itakubidi uinamishe kamera kuelekea juu, na miimo ya mlango itaanza kuegemeana kileleni. Programu za kompyuta huweza kuinyoosha, lakini hukata kingo za picha, na nakshi za pembeni ndizo zinazoondoka kwanza.

Kwa hiyo anayependa nyumba, roshani za mbao na milango, achukue milimita 28. Anayependa watu achukue 40. Mzee aliyekaa barazani, ukiwa mita 2 kutoka kwake na kamera imelala, lenzi ya 40 inakupa eneo la mita 1.8 kwa 1.2: yeye, kikombe chake cha kahawa na sehemu ya ukuta. Lenzi ya 28 mahali hapo hapo inakupa takriban mita 2.6 kwa 1.7, na ukitaka kumjaza kwenye picha utalazimika kumsogelea hadi mita 1.4. Hapo uso unaanza kuvutika, pua inakua, na yeye mwenyewe anaanza kukaa kipicha. Salamu hutangulia kwa lenzi yoyote ile, na ruhusa huombwa, hasa kwa kina mama na karibu na misikiti. Kwa mita 2 mnaweza kuendelea kuzungumza, jambo lisilowezekana kamera ikiwa imekaribia kugusa kofia ya mtu.

Sasa vipimo vya lenzi zenyewe. Namba ya f hueleza tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu liko wazi zaidi. Kwa mfumo wa Nikon Z ziko tatu zinazostahili kuitwa ndogo. NIKKOR Z 40mm f/2, ambayo toleo lake la SE limepambwa kufanana na lenzi za zamani, ina gramu 170 na hupiga kitu kilicho umbali wa sentimita 29. Z 28mm f/2.8 SE ina gramu 160 na hukaribia hadi sentimita 19, umbali unaotosha kujaza picha kwa ua moja la nakshi. Hizi mbili zina shingo ya plastiki pale zinapoungana na kamera. Wengi hulalamikia plastiki hiyo, lakini kwa lenzi ya uzito huu haina madhara. Ya tatu ni Z 26mm f/2.8, nyembamba kabisa: gramu 125, urefu wa milimita 23.5, shingo ya chuma. Kasoro yake ni kwamba ikitafuta fokasi inasogeza kundi zima la vioo, hivyo ni ya polepole kidogo na sauti yake inasikika. Ukirekodi video ndani ya chumba kimya, mlio huo utaingia kwenye sauti.

Udogo wa lenzi hizi una gharama zake. Pembe za picha huwa na giza kidogo tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, mistari ya pembeni hupinda, na kamera hurekebisha hayo kwa hesabu kabla hujaona. Ukifungua faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa, kwenye programu isiyoitambua lenzi, utashangaa kuona ukuta wa Fort Jesus umejikunja. Usiilaumu lenzi, washa tu marekebisho yake kwenye programu.

Pete ya lenzi hizi za SE, japo ina michoro ya kizamani, haina namba za f wala alama za umbali. Tundu hubadilishwa kwa gurudumu la mbele la kamera. Kwa anayetaka hisia halisi ya zamani, Voigtländer Nokton 40mm f/1.2 ya Z ina pete ya tundu, ina mawasiliano ya umeme na kamera, na fokasi yake ni ya mkono tu. Uzito wake ni gramu 315, karibu mara mbili ya ile 40 ya Nikon. Ni lenzi nzuri sana, ila imeshatoka kwenye kundi la lenzi ndogo. Lenzi za zamani za Nikon F nazo huingia kwa adapta ya FTZ, lakini adapta hiyo haina mota ya kusogeza fokasi. Lenzi za aina ya AF-D, zile 50mm f/1.8 zilizojaa kwenye masanduku ya wapiga picha wa harusi, zitabaki za fokasi ya mkono. Adapta nayo inaongeza milimita 30.5, kwa sababu sensa ya mfumo wa F ilikaa milimita 46.5 kutoka shingo ya lenzi na ya Z inakaa milimita 16. Unene uliokuwa unaukimbia umerudi kwa mlango wa nyuma.

Tukija kwenye kamera, Zf yenye betri na kadi ina gramu 710. Ukiweka lenzi ya 40 unapata gramu 880. Si nyepesi. Mwili wake ni bapa na mbele haina kishikio cha kutosha, na mkono wenye jasho la Mombasa huteleza. Kishikio cha kuongeza chini kinasaidia. Chagua kile kinachoacha mlango wa betri wazi, maana kadi zote mbili, SD na microSD, ziko humo humo ndani. Ile microSD imezama na kuitoa kwa vidole vyenye jasho ni kazi, basi iache mle iwe nakala ya akiba na kila siku utoe SD peke yake. Betri, EN-EL15c, kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera, hupiga takriban picha 360. Beba ya pili.

Kuna anayetaka wepesi kuliko sura. Huyo atazame Sony A7C II yenye gramu 514 ikiwa na lenzi ya FE 40mm f/2.5 G yenye gramu 173. Jumla ni gramu 687, karibu gramu 200 chini ya Zf. Kamera hiyo haina magurudumu ya kizamani, lakini lenzi yake ina pete halisi ya tundu yenye namba, na kwangu hilo lina thamani kuliko nakshi za juu ya kamera. Ina nafasi ya kadi moja tu, na dirisha lake la kutazamia ni dogo. Leica M11 ndiyo mama wa sura hizi zote, gramu 530 kwa ile nyeusi, lakini fokasi ni ya mkono pekee, na ilipotoka Januari 2022 bei yake Marekani ilikuwa dola 8,995 bila lenzi. Zf ilianza kwa dola 1,999.95.

Panasonic S9 na Sigma BF zinapendeza machoni, ni nyepesi, na nisingemshauri mtu wa Mombasa azinunue kama kamera yake ya pekee. Hazina dirisha la kutazamia. Saa saba mchana kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, skrini yoyote ya nyuma inakuwa kioo cha kujitazamia, unakisia tu. Tena hazina shata ya chuma, lile pazia linalofunguka na kufungika mbele ya sensa, na hilo linatupeleka kwenye habari ya mwanga.

Jua letu la mchana halina utani. Kanuni ya zamani inasema kwenye jua kali weka f/16 na shata iwe sawa na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), yaani ISO 100 kwa 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/2 umepanda hatua sita, kila hatua ikiongeza mwanga maradufu, na shata inapaswa kuwa 1/6400. Shata ya chuma ya Zf hufika 1/8000, kwa hiyo unaweza kupiga f/2 juani bila filta ya kupunguza mwanga. A7C II huishia 1/4000, na kwa f/2.5 kanuni ile ile inakupa takriban 1/4000, yaani imetosha lakini imefika ukingoni. Mchanga mweupe wa Nyali ukirudisha mwanga, punguza tundu. Nokton ikiwa f/1.2 ingehitaji karibu 1/18000. Bila filta ya kupunguza mwanga, hiyo f/1.2 uliyoilipia utaitumia asubuhi, jioni na vivulini tu.

Shata ya umeme inavutia kwa ukimya wake, hasa kwenye nikahi au hotuba. Lakini umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za kumbi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya umeme husoma sensa mstari kwa mstari, basi picha hutoka na mistari ya giza iliyolala kama shuka la kikoi. Ukiwa ndani rudi kwenye shata ya chuma, weka 1/100 au 1/50, na mistari itatoweka au itapungua sana. Uzuiaji wa mtikisiko ulio ndani ya Zf na A7C II unakuruhusu kushuka hadi 1/50 bila wasiwasi kwa lenzi ya 40. Haumzuii bibi harusi kusogea, hata hivyo.

Magurudumu ya Zf yanahitaji kueleweka kabla ya siku ya kazi. Kuna swichi ndogo chini ya gurudumu la ISO yenye AUTO, P (kamera huchagua tundu na shata), S (wewe huchagua shata), A (wewe huchagua tundu) na M (wewe huchagua vyote viwili). Ikiwa kwenye A, gurudumu la shata halifanyi kitu chochote, hata likisoma 1/1000. Wageni wa kamera hii huliweka 1/1000 kwa watoto wanaocheza mpira, kamera ikapiga kwa 1/60, picha zote zikawa na ukungu wa mwendo, na lawama ikaenda kwa fokasi. Ukitaka gurudumu lile litii, swichi iwe S au M. Kwa kutembea mitaani napendekeza hivi: swichi kwenye A, tundu f/5.6, gurudumu la ISO kwenye C, ISO ya otomatiki imewashwa kwa menyu na kima cha chini cha shata kiwe 1/250. Ukiingia kichochoroni kutoka juani kamera inajirekebisha, na unachobaki kugusa ni gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga.

Gurudumu hilo ndilo utakalolitumia kuliko yote, kwa sababu kipimo cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu. Kanzu nyeupe ikijaza picha, kamera itaitia giza: ongeza +1. Mtu huyo huyo akisimama mbali mbele ya mlango mweusi, kamera itaufuata mlango na kanzu itaungua, yaani itabaki weupe mtupu: punguza −1. Buibui jeusi likijaza picha, punguza pia, la sivyo litatoka rangi ya jivu. Ngumu ni uso mweusi mbele ya ukuta wa chokaa unaopigwa na jua. Hapo hakuna namba itakayowaridhisha wote wawili. Mwombe asogee hatua mbili kivulini, au kubali ukuta uungue na uutunze uso. Dirisha la kutazamia la Zf au la A7C II hukuonyesha mwanga kabla hujabonyeza, pamoja na grafu yake, na kwa mwenye kupiga sura za watu wetu hiyo ni faida kubwa kuliko megapikseli 24 au 33.

Zf ina pia swichi ya kuhamia nyeusi na nyeupe mara moja, na mchana wetu unaihitaji. Mwanga unaoanguka kutoka utosini huua rangi, lakini kivuli cha roshani juu ya ukuta kinabaki kuwa umbo zuri. Piga RAW pamoja na JPEG. RAW huhifadhi rangi zote endapo utazitaka. Kwa rangi, Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, basi vichochoro vinavyoteremkia baharini hupata jua la asubuhi likiingia moja kwa moja. Saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi zinatosha.

Kwa wasiopenda kungoja fokasi, weka f/8, lenga kitu kilicho mita 3.3 kwa lenzi ya 28, kisha hamia fokasi ya mkono. Kila kitu kutoka mita 1.7 hivi hadi upeo wa macho kitakubalika. Kwa lenzi ya 40 umbali huo ni mita 6.7 na ukali unaanzia mita 3.4, ndiyo maana mbinu hii haimfai sana mpiga picha wa barazani. Kwa kuwa pete haina namba, hakikisha umbali upya kila ukizima na kuwasha kamera.

Yote hayo hayana maana kuvu ikiingia kwenye lenzi. Inapenda giza, joto, hewa iliyotulia na unyevu wa zaidi ya asilimia 65, na kabati la nguo la nyumba ya Mombasa lina vyote vinne. Begi la kamera lenye sponji ni baya zaidi, maana sponji hunywa unyevu na kuutunza. Tafuta kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, la lita 5 hadi 10, lenye mpira kwenye kifuniko. Ndani weka gramu 200 hadi 300 za silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Ikishuka chini ya 35 punguza silika, kwani ukavu uliopitiliza huharibu mpira na grisi. Silika ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ianike kwenye oveni kwa nyuzijoto 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, irudishe. Mchele usiweke. Haukaushi vya kutosha na unga wake huingia kwenye viungo vya magurudumu. Kava za ngozi za kuvisha kamera ziache dukani, na mkanda uwe wa nailoni unaofulika. Ngozi ikilowa jasho huota ukungu, na ukungu huhama.

Hatari nyingine ni kiyoyozi. Nje kukiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, umande hutua juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25. Chumba au gari lenye nyuzi 22 linatosha kuifanya kamera itoke jasho ndani na nje mara ukifungua mlango. Kabla hujatoka ifunge kwenye mfuko wa zipu, toka nayo, isubiri nusu saa ikiwa bado imefungwa. Umande ubaki juu ya mfuko. Usiwashe kamera yenye umande kwenye lenzi, na kamwe usiitoe lenzi ili “ipate hewa”: kamera hizi hazina kioo cha ndani, sensa iko pale pale wazi.

Ukitoka ufukweni, hasa wakati wa kaskazi, usianze kwa kufuta. Mchanga na chembe za chumvi ni msasa. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, kisha pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa na kukamuliwa, kwa sababu chumvi huyeyuka kwa maji, haiondoki kwa kitambaa kikavu. Kioo cha mbele kisafishe kwa tone la maji ya lenzi, ukiliweka kwenye kitambaa na si juu ya kioo. Filta ya kinga ya milimita 52 inaingia moja kwa moja kwenye lenzi ya 28 na ya 40. Ile ya 26 huipokea kupitia kikinga-jua chake. Usiku ivue, la sivyo kila taa ya barabarani itazaa pacha wake angani. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki na mipako, basi nawa mikono kabla ya kushika kamera.

Ukinunua iliyotumika, nenda na tochi na kadi yako. Mulika lenzi kutoka nyuma ukitazama kwa mbele: nyuzi nyembamba zinazotawanyika ni kuvu, na lenzi hiyo usiichukue hata kwa nusu bei, kwani gharama ya kuifungua inaweza kuizidi thamani. Piga ukuta mweupe kwa f/16 fokasi ikiwa imepotezwa makusudi. Madoa yatakayoonekana ni vumbi la sensa, na vumbi husafishika. Tazama vitufe vya shaba vya mawasiliano kwenye shingo na ndani ya mlango wa betri. Ukijani hapo ni alama ya maji ya chumvi, na kamera ya namna hiyo huanza kuzima yenyewe bila mpangilio. Zungusha kila gurudumu hadi mwisho, ukisikiliza mkwaruzo wa mchanga. Idadi ya mara ambazo shata imefyatuka, kwa Nikon, isome kwenye faili la picha utakayopiga pale pale. Na kama ni mpya, uliza dhamana ni ya duka au ya mtengenezaji, na kama inaheshimiwa Kenya, halafu jibu hilo liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kamera na ya lenzi.